Akili anauliza, nani anajibu?

Wandugu wasomi, mtoto wa dada yangu iko na miaka tatu. Anajua kuhesabu mpaka kumi, anajua rangi, anajua nyimbo zote za Akili and Me. Lakini jioni moja koko alimuita mara tatu, hakugeuka. Koko akamunyanganya telefone, na mtoto akalia mpaka majirani wakakuja kuuliza nani amekufa.

Telefone ile ni yangu. Ni mimi niliweka katuni ndani.

Basi nimekaa nikaiangalia mwenyewe, sehemu sita, kama vile agronome anaangaliaka shamba mbele ya kusema mbegu ni mbaya.

Mbegu si mbaya. Inatoka kwa Ubongo, shirika la Dar es Salaam, na imetengenezwa juu ya watoto wa miaka 3 mpaka 6. Akili ni binti wa miaka 4, anaishi na jamaa yake chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala, anafika Lala Land kwa marafiki wake wanyama. Ni mtoto mweusi, tena anasema Kiswahili. Sisi tulikomaa na katuni za Kifaransa, watoto wanacheza katika theluji!

Ila niko na lawama mbili. Ya kwanza ni ndogo. Kiswahili chake ni cha Dar. Koko anasema "batoto", mtoto anamusahihisha: "watoto". Sisi tulicheka, koko hakucheka. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, mbele ya Kifaransa. Cha kwetu si makosa ya kusahihishwa.

Ya pili ni nzito. Akili anauliza, ananyamaza kidogo, halafu anaendelea na furaha yake. Mtoto ajibu vizuri, ajibu vibaya, anyamaze, ni sawasawa, juu filamu haisikii. Kazi ile inaomba mtu mukubwa akae pembeni. Na mtu mukubwa iko wapi? Anatwanga sombe, ao anaongea na wageni, ao, kama mimi, iko na telefone ingine mkononi.

Hapo lawama inatoka Dar, inarudi Kindu. OMS ilisema katika 2019: mbele ya miaka 2, hapana ekra, miaka 2 mpaka 4, isipite saa 1 kwa siku, na ikipunguka ni vizuri zaidi. Kuna wenye kusema umeme wa hapa unakatikakatika, betri itatuchungia mtoto. Uongo. Siku hizi plaki za jua ziko juu ya manyumba mingi. Tena mtoto haigi betri, anaiga sisi. Mimi ninakulaka na telefone pembeni ya sahani, halafu ninashangaa yeye anakataa kula bila yake.

Sasa tunafanya hivi: sehemu moja kwa siku, pamoja. Akili akiuliza rangi, ninasimamisha filamu, tunatafuta rangi ile katika lupango. Mtoto bado analia wakati wa kuzima. Lakini juzi alimuita koko mwenyewe akuje kuona. Koko akaikaa, akamujibu Akili kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili cha kwetu, na mtoto hakumusahihisha.

Kwenu, wandugu, nani anamujibu?