Mchezo Mfupi wa Delta ya Tana: Jinsi Unavyojengwa

Mchezo mfupi wa jamii huwa na wahusika wachache na mahali pamoja, na hutungwa kutokana na mambo ambayo watazamaji wenyewe wanayaishi. Katika eneo la Garsen, kwenye Delta ya Tana nchini Kenya, mambo hayo hayatafutwi mbali. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando ya mto Tana. Waorma na Wardei hufuga ng'ombe, nao huteremkia deltani kiangazi kinapokaza. Njia za mifugo kwenda kunywa maji huitwa malka, na ugomvi mwingi huzuka hapo: shamba limelimwa mpaka ukingoni, au ng'ombe wamekanyaga mpunga. Mapigano ya jamii hizo mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 yaliua watu zaidi ya 100, zaidi ya 50 kati yao wakiuawa kijijini Riketa siku moja tu ya Agosti 2012.

Mtunzi asiye na uzoefu huyakimbilia mauaji hayo. Yakipanda jukwaani, kila mtazamaji huanza kuwahesabu wafu wa upande wake na mchezo umekwisha. Chenye nguvu zaidi ni asubuhi iliyotangulia: mkulima, mchungaji na mzee mmoja kwenye malka, kila mmoja akiwa na haki yake, bila mhalifu wa kusingiziwa. Mgogoro mmoja, mahali pamoja, saa moja: ufupi hapo huusaidia mchezo.

Namna ya kukusanya maudhui ina mifano Afrika Mashariki. Huko Malya, mkoani Mwanza, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kukaa na wanakijiji na kuwaacha wataje matatizo yao. Mchezo ukafuata baadaye, pamoja na ngoma za hapohapo. Kamiriithu, Limuru, njia ilikuwa nyingine. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya mchezo wa *Ngaahika Ndeenda*, kisha wakazi wakairekebisha lugha, nyimbo na kumbukumbu za historia mazoezini, hadharani. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Serikali iliuzima mwezi uliofuata. Kwa Garsen njia ya Malya ndiyo salama zaidi, kwa kuwa rasimu ikiwa ya mtu mmoja, watu watauliza kwanza mwandishi ni wa kabila gani.

Lugha nayo ni sehemu ya ufundi. Kipokomo ni cha Kibantu na Kiorma ni cha Kikushi. Mchezo ulioandikwa kwa kimoja humfanya mwingine awe mgeni. Kiswahili hubeba mazungumzo ya pande mbili, huku kila mhusika akiachiwa lugha yake anapowaita watoto, anapoomba dua au anapokasirika. Nyimbo hubadilisha onyesho pasipo pazia. Wapokomo wana hazina hapo: lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya imetokana na bembelezi yao, jambo ambalo wengi wanaousimamia wima hawalijui. Lakini bembelezi hiyo ikisikika peke yake huuelemeza mchezo upande mmoja. Lazima ijibiwe na wimbo wa wachungaji.

Katika kugawa nafasi, mbinu iliyo ngumu na yenye faida kubwa ni kubadilishana: kijana wa Kipokomo amwigize mchungaji, wa Kiorma aigize mkulima. Kejeli hupungua haraka, kwani wenye mila wameketi mbele wakimsahihisha mwigizaji. Mwisho wa mchezo huachwa wazi. Augusto Boal wa Brazili aliipa mbinu hii umbo linalojulikana leo: onyesho husimamishwa, kisha mtazamaji huingia jukwaani kujaribu jibu lake. Msimamizi huuliza tu. Akianza kuhutubia, wazee huondoka.

Wakati wa kuonyesha hufuata mto. Mvua ndefu, Machi hadi Mei, hukata barabara za deltani na wafugaji huwa wametawanyika. Kiangazi ndicho huwaleta wakulima na wafugaji mahali pamoja. Uwanja nao uwe wa mjini Garsen, ambako kila mmoja ana sababu yake ya kwenda, wala usiwe kijiji cha upande wowote.