Umepotea: Masimulizi ya Kurejea Nyumbani na Sauti ya Waliobaki

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jambo moja dogo katika fasihi yetu ambalo, kwa maoni yangu, wahakiki hatujalitazama vya kutosha: ni nani mwenye haki ya kusimulia mabadiliko ya mji, yule aliyeondoka akarudi, au wale waliobaki? Nitaanza na jina la mahali, nipitie maandishi machache, kisha nirudi mahali hapo penyewe, kwa kuwa ndipo nilipolazimika kuikana kauli niliyoitoa kwa miaka mingi mbele ya wanafunzi.

Mahali hapo ni Kaloleni, katika mji wa Voi, ambako ndiko nilikokulia. Jina hili halipatikani Voi peke yake. Ipo Kaloleni ya Kilifi, ya Nairobi, ya Kisumu, ya Arusha na ya Moshi. Maelezo ya wenyeji kuhusu asili yake yanafanana: ni kitenzi lola, yaani tazama, ambacho kingali hai katika Kigiriama na jamaa zake, kikitanguliwa na kiambishi -ka- na kufuatwa na -ni ya wingi. Nendeni mkatazame. Maelezo ya aina hii si hoja ya historia, lakini sarufi yake ni sahihi, na inatufundisha kitu. Majina mengi ya mahali ni nomino, hutaja mti, kisima, mtu au mlima. Hili ni amri. Tena ni amri yenye -ka- ya mwendo, ambayo haiwezi kuelekezwa kwa mtu aliyekwisha kufika. Mkaazi wa Kaloleni haambiwi akalole. Huambiwa hivyo yule aliye kwingine. Kwa hiyo jina hili, likichukuliwa kama lilivyo, ni jina walilopewa wageni walitumie, na wenyeji wakaishi ndani yake.

Sasa tuitazame fasihi. Utenzi wetu mkuu kuhusu mji uliobadilika ni Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kuchapishwa kwa uhariri wa William Hichens mwaka 1939. Mtunzi anausemesha moyo wake mbele ya magofu ya Pate: majumba yaliyowaka taa sasa yamefungwa na utando wa buibui, na matajiri waliokuwamo wamelala katika vyumba vya udongo. Ubora wa utenzi huu haunihitaji mimi niutetee. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba mtazamaji katika utenzi huu hana wa kumjibu. Waliokuwa wakiishi katika majumba yale wamekufa. Anapouliza waliko, swali halina hatari yoyote, kwa kuwa hakuna mlango utakaofunguliwa na mtu akatoka kusema: niko hapa, wataka nini?

Dai langu ni kwamba nathari yetu ya kisasa iliurithi mkao huu wa mtazamaji hata pale ambapo wenyeji wangali hai. Msomi anashuka katika basi, anaona nyumba zimeinama, anakuta rafiki wa utotoni amekuwa mlevi au amekuwa mkubwa wa serikali, anahuzunika, kisha anaondoka na huzuni yake. Marafiki wanageuzwa alama za njiani. Kazi yao ni kumwonyesha mhusika mkuu kiasi alichosafiri.

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ndiyo inayotajwa kwanza katika habari hizi, na ni haki itajwe. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anarudi kwao Ukerewe, na mwenzake wa zamani, Manase, sasa ni ofisa. Wahakiki wengi wamekishughulikia kitabu hiki kwa upande wa falsafa yake, yaani suala la maana na ubatili wa maisha, hata urafiki wa watu hawa wawili ukabaki pembezoni. Mimi naona urafiki huo ndio unaokiokoa kitabu kisiwe hotuba. Manase hakubali kuwa alama ya njiani. Amemharibia Kazimoto dada yake, na kwa hiyo mji wa nyumbani hauwezi kutazamwa kwa mbali; una deni ambalo mhusika anataka kulilipiza. Hata hivyo yote haya twayapata kwa kinywa cha Kazimoto. Jinsi Manase alivyomwona mwenzake akirudi na vitabu vyake, hatuambiwi isipokuwa kwa kadiri Kazimoto anavyopenda.

Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, anaandika kwa Kiingereza, na najua wako wenzetu wasiopenda aingizwe katika majadiliano ya fasihi ya Kiswahili. Kwa suala hili hatuwezi kumwacha. Katika Admiring Silence, ya mwaka 1996, msimulizi asiye na jina anarudi Zanzibar baada ya miaka mingi Uingereza, na anautambua mji kwa uchakavu wake, hasa vyoo vilivyoziba. Hapa twarudi kwa mtazamaji wa magofu, ingawa Gurnah ana ujanja: msimulizi huyu ni mwongo, amewaongopea watu wa huku na wa kule, na msomaji anajifunza kutoiamini huzuni yake. Lakini kazi iliyonifungua macho ni By the Sea, ya mwaka 2001. Saleh Omar na Latif Mahmud, watu wa mji mmoja wenye uhasama wa muda mrefu juu ya nyumba na mali, wanakutana wakiwa wazee na wa makamo katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Hakuna anayerudi nyumbani. Wanakaa chumbani wakisimuliana, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Lile ambalo Latif alilibeba maisha yake yote kama historia ya ukoo wake linakutana na mtu aliyekuwapo. Ndiyo kusema, mtazamaji hatimaye amejibiwa.

Nilikuwa nikiufikiria mkutano huo nilipokwenda Kaloleni baada ya miaka mingi. Sikuwa nimekwenda kama mtafiti. Nilitaka kuwaona watu wawili watatu niliosoma nao.

Asiyeujua mji wa Voi afahamu kwamba uliumbwa na reli. Njia ya kwenda Uganda ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikajengwa tawi la kwenda Taveta. Makaburi ya askari wa vita hivyo yangali mjini. Utoto wetu ulipimwa kwa garimoshi. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi, stesheni mpya ilijengwa mbali kidogo na ile ya zamani, na abiria wa njia ya zamani wakakoma. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba stesheni ile ya zamani ni Al-Inkishafi yetu sisi watu wa Voi. Niliipenda kauli hiyo. Wanafunzi waliiandika katika madaftari yao.

Rafiki yangu wa kwanza kukutana naye, ambaye aliwahi kufanya kibarua cha reli, hakunisalimu kwanza. Alisimama, akanitazama, akasema: "Umepotea."

Kila Mswahili anaijua salamu hii, na kwa sababu hiyo hatuisikii tena. Tuisikilize. Kwanza, mpoteaji ni mimi, si mji. Mimi nilikuja nikiwa na orodha ya vitu vilivyopotea: mwembe fulani, duka fulani, filimbi ya usiku. Yeye alikuwa na orodha yenye kitu kimoja. Pili, hakusema ulipotea. Alitumia -me-, kiambishi cha tendo lililotimia ambalo hali yake ingali ikiendelea. Nimesimama mbele yake, ameshika mkono wangu, na bado nimepotea. Sarufi yetu inamruhusu mwenyeji kumwambia mgeni kwamba kufika kwake hakujamaliza kutokuwapo kwake. Katika riwaya nilizozitaja, pamoja na nyingine nyingi nilizowahi kusoma za aina hiyo, sikumbuki neno hili kupewa uzito wowote, ilhali ndilo linalosemwa kila siku katika kila kituo cha basi kuanzia Lamu hadi Kigoma.

Hapa inafaa nikumbushe habari ya Kasigau, si mbali na Voi. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha watu wa mlima huo kwa nguvu hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Wengi walikufa huko, na waliosalia hawakurudi mlimani hadi miaka ya 1930. Huko nako ni kurejea nyumbani, tena kwenye uchungu kuliko wa msomi yeyote. Lakini waliondoka pamoja wakarudi pamoja. Hakubaki mtu wa kuwaambia wamepotea. Simulizi yao ni ya "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho, na nadhani ndiyo sababu haifanani na riwaya zetu, ambazo "mimi" wake ameondoka peke yake.

Jioni tulikaa wanne. Niliwaeleza, kwa majivuno kidogo, ile kauli yangu ya stesheni na magofu ya Pate. Walisikiliza kwa adabu. Kisha yule wa reli akaanza kunihesabia. Wanawake waliokuwa wakiuza vyakula kwa abiria, hakuna aliyetoweka. Mmoja alihamia kwenye barabara kuu, yanaposimama mabasi ya Mombasa. Mwingine alisomesha watoto wawili kwa chapati, akaacha kazi kwa hiari yake. Watatu waliingia sokoni. Alitaja kila mmoja kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mahali, na mwaka. Mimi nilikuwa nimeona jukwaa tupu. Yeye aliona watu wamehama kutoka hapa kwenda pale.

Sikusema mengi. Jambo lililoniuma si kukosea, kwa kuwa mwalimu hukosea. Ni kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa na namba yake ya simu, na sikupata kumwuliza.

Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi uhakiki wa masimulizi ya kurejea hauna budi kuuliza, mbali na dhamira na mandhari, maswali ya kawaida kabisa ya usimulizi: mwenyeji amepewa mistari mingapi ya kusema? Je, yupo anayemsahihisha msimulizi, na je, sahihisho hilo linabadilisha lolote katika kurasa zinazofuata? Kichwamaji ingejibu swali la pili kwa shida. By the Sea ingejibu yote. Ningependa kuona mtu akiyauliza maswali haya kwa tawasifu zetu pia, akianza na zile za Shaaban Robert.

Kabla ya kuondoka nilimwomba yule mwenzangu anipeleke kwa mama mmoja aliyekuwa akituuzia njugu dirishani mwa garimoshi tulipokuwa wadogo, ambaye nilikuwa nimemtaja katika mhadhara mmoja kama mfano wa watu waliofutwa na reli mpya. Alicheka. Akaniambia tumetoka kwake sasa hivi. Ndiye aliyetupikia chai.