Debre Damo: Kanisa Linalofikiwa kwa Kamba

Jamani, Debre Damo! Picha zake nimezitazama miaka nenda miaka rudi, na bado nilipofika chini ya jabali lenyewe, huko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, nilibaki mdomo wazi. Mlima huu hauna kilele. Juu ni bapa kama meza, pande zote ni genge tupu, na njia ya kupandia ni moja tu: kamba ya ngozi iliyosokotwa, inayoning'inia mita kama 15.

Unafungwa ukanda mwingine kiunoni, mtawa aliye juu anauvuta, nawe unakwea huku miguu ikitafuta vishimo vya kukanyagia, vilivyolainishwa na nyayo za watu karne kwa karne. Mapokeo yanasema Abuna Aregawi, mmoja wa Watakatifu Tisa walioeneza utawa Ethiopia, alipandishwa na joka kubwa lililomzungushia mkia wake. Hiyo ni karne ya 6. Ukishaning'inia pale, hushangai kwa nini watu wamesimulia hivyo.

Lakini kanisa! Kanisa ndilo lililonimaliza. Ukuta unaanza na mawe, juu yake boriti ndefu, kisha mawe tena, kisha boriti, hadi darini. Halafu kuna vipande vya mti vilivyokingama ndani ya ukuta, vikizishika boriti za nje na za ndani zisiachane, na ncha zake zimechomoza nje safu kwa safu. Wataalamu huziita vichwa vya nyani. Nenda Aksum, mji wa kale wa Ethiopia, utaviona vichwa hivyohivyo vimechongwa kwenye ile minara mirefu ya mawe, lakini kule ni nakshi tu. Majumba ya mtindo huo yamebaki misingi. Hapa jengo la ufundi uleule limesimama, na watu wanasali ndani yake! Mwaka 1948 msanifu Mwingereza Derek Matthews alisimamia ukarabati wake.

Ukiingia ukumbi wa mbele, tafadhali inua macho. Dari ni mraba kwa mraba wa mbao, na kila mraba una mnyama wake: simba, tembo, ngamia, swala. Nilisimama mpaka shingo ikauma. Swala mmoja amegeuza kichwa nyuma, na mchongaji hakuhitaji zaidi ya mikato michache kumpa uhai. Sijaona kazi ya mbao iliyonigusa kiasi hiki.

Nje kuna matangi ya maji ya mvua yaliyochimbwa mwambani, vijumba vya mawe vya watawa, na pangoni, ukingoni mwa genge, wale waliochagua upweke zaidi. Na fikiria, mahali palipojitenga hivi palikutwa sarafu za dhahabu za Wakushani, kutoka upande wa India! Dunia ilifika hapa zamani sana.

Wanawake hawaruhusiwi kupanda. Hata mifugo jike haipandishwi. Iliniuma, maana dari ile inastahili kuonwa na kila mtu. Tigray imepitia vita vizito kati ya 2020 na 2022, kwa hiyo ulizia usalama kwanza. Ukipata nafasi, lenga sikukuu ya Abuna Aregawi, tarehe 14 ya mwezi wa Tikimt, karibu na Oktoba 24, mahujaji wanapopanda kamba ileile mmoja baada ya mwingine.