Sauti Zilizofumuliwa: Jinsi J Dilla Alivyoijenga Donuts

Ukitaka kumwelewa prodyuza wa hip-hop J Dilla kama fundi, usianze na ngoma zake. Anza na "Don't Cry", kipande cha dakika mbili hivi kilichomo katika albamu yake ya Donuts, na ukisikilize kwa hedifoni bila kufanya kazi nyingine yoyote. Kinaanza kwa upole. Santuri ya zamani ya kundi la The Escorts inazunguka karibu kama ilivyorekodiwa: waimbaji wanaitikiana, muziki umetanda nyuma yao, mpenzi anabembelezwa asilie. Dilla haigusi sana. Anakuachia muda wa kuizoea, mpaka unaanza kuukisia mstari unaofuata kabla haujafika. Hapo ndipo anapoanza kukata. Silabi moja inachukuliwa huku, mguno mmoja kule, pigo lililokuwa mwishoni mwa mstari linaletwa mwanzoni, na mara wimbo uleule, kwa sauti zilezile, una mwendo mwingine na karibu maneno mengine.

Mpangilio huo si jambo dogo. Prodyuza wa hip-hop kwa kawaida hukata sampuli faraghani, akakuletea biti iliyokwisha kuiva; santuri ilikotoka utaitafuta mwenyewe ukitaka. Dilla anakuwekea kwanza kitu kizima mkononi, kisha anakifumua ukikitazama, kama fundi cherehani anayefumua gauni la marehemu bibi mbele ya wajukuu ili amshonee mmoja wao nguo mpya. Unaona mshono wa kwanza ulikuwa wapi. Unaona kitambaa ni kilekile. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye moyo wa albamu hii, na ndipo inapojibu swali la utambulisho ambalo wanamuziki wengi hulijibu kwa maneno matupu.

Donuts ilitolewa na kampuni ya Stones Throw tarehe 7 Februari 2006, siku James Dewitt Yancey, ndilo jina lake alilozaliwa nalo, alipotimiza miaka 32. Siku tatu baadaye alifariki jijini Los Angeles, baada ya miaka kadhaa ya kuugua ugonjwa adimu wa damu pamoja na lupasi. Albamu ina vipande 31 katika muda wa dakika 43 hivi. Vingi havifiki dakika mbili, na hakuna rapa hata mmoja aliyealikwa.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye hip-hop ya Kiswahili, hilo la mwisho lilikuwa gumu kulimeza. Tulifundishwa kumpima msanii kwa mistari. Kalamashaka wa Dandora tuliwapenda kwa walichosema na jinsi walivyokisema. Professor Jay na albamu yake Machozi Jasho na Damu ya 2001, vilevile. Biti ilikuwa mkeka tu, na aliyesimama juu ya mkeka ndiye aliyetazamwa. Albamu ya hip-hop isiyokuwa na rapa ilionekana kama barua isiyo na mwandishi. Ilinichukua muda kusikia kwamba Donuts imejaa watu wanaosema, ila wote wamekopwa kutoka kwenye santuri, na anayepanga waseme nini ni mtu asiyefungua kinywa.

Kuna hadithi maarufu kwamba albamu nzima ilitengenezwa kitandani hospitalini, kwa sampla ndogo ya Boss SP-303 na kicheza santuri cha kubeba mkononi. Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time cha 2022, ameipunguza sana hadithi hiyo: Donuts ilianza kama CD ya biti ambayo Dilla alikuwa ameshaiandaa, kisha Jeff Jank wa Stones Throw akafanya kazi ya kuirefusha na kuifikisha kwenye urefu wa albamu. Nimefurahi kwamba hilo limesemwa. Hadithi ya kitandani inagusa, lakini inamdhulumu fundi, kwa sababu inafanya kila mkato uonekane kama kilio cha mgonjwa. Ukisikiliza kwa makini unasikia maamuzi. Mtu amekaa, amechagua, amekataa, amerudia.

Sasa niseme neno kuhusu ngoma, maana ndizo zilizompa jina kwanza. Dilla alijulikana kwa mashine ya Akai MPC3000, na moja aliyoitumia leo imehifadhiwa Washington katika makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi. Mashine hiyo hugawa kila pigo la robo katika hatua 96. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 667 hivi, kwa hiyo hatua moja ni kama milisekunde 7. Prodyuza akiisogeza snea mbele hatua tatu, inawahi kwa milisekunde 21 hivi. Muda huo ni mfupi mno kuhesabika kama pigo jingine, ila unatosha kabisa kuuambia mwili kwamba kuna mtu anaharakisha. Wengi hudhani Dilla alizima tu uwezo wa mashine wa kunyoosha mapigo akagonga kwa mkono. Ukweli una hila zaidi. Aliweka kiki, snea na hai-hati kila moja kwenye mizani yake: hii imenyooka, ile inayumba, nyingine imesogezwa nyuma kidogo, zote ndani ya biti moja. Ndivyo ilivyo kwenye Fantastic, Vol. 2 ya kundi lake Slum Village ya mwaka 2000, na katika Voodoo ya mwimbaji D'Angelo, iliyotoka mwaka huohuo, mpiga ngoma Questlove alikuwa amejifunza kupiga ngoma za kibinadamu kwa mwendo huo wa kuburuta.

Lakini katika Donuts, vipande vingi havina ngoma za Dilla kwa maana hiyo. Ngoma zimekuja pamoja na santuri, zimenaswa humohumo na besi na sauti. Hawezi kuisogeza snea peke yake. Akiisogeza, anamsogeza na mwimbaji. Ndiyo maana nasema kisu chake kimehama. Ule werevu wa milisekunde aliokuwa akiutumia kwenye kiki sasa anautumia kwenye koo la mtu.

Namna inavyofanyika ni hii. Kwenye sampla, kila kipande cha sauti hupewa kitufe chake. Ukiipanga mashine ifanye hivyo, kugonga kitufe cha pili kabla cha kwanza hakijamaliza kunakikatiza cha kwanza papo hapo. Kwa ngoma, hilo huleta usafi tu. Kwa sauti ya binadamu huleta jambo zito, kwa sababu sauti ina pumzi, ina konsonanti mwanzoni na mkia mwishoni. Anza kipande chako kabla ya konsonanti, utapata neno. Kianze mara tu baada yake, utapata irabu isiyo na mwenyewe, na sikio la msikilizaji litajitafutia konsonanti ya kuijazia. Kata mkia, mwimbaji atasikika kama aliyeshtuliwa. Acha mkia mrefu ndipo ukate, atasikika kama aliyebadili mawazo. Haya yote yanapatikana bila kubadilisha noti hata moja.

Sikiliza "Waves". Msingi wake ni "Johnny, Don't Do It" ya kundi la Uingereza 10cc, wimbo wa miaka ya 1970 kuhusu kijana anayeonywa. Katika mikono ya Dilla, onyo limechujwa. Lile neno la kukataza limefifishwa ndani ya mkato, na ninachosikia mimi ni Johnny akihimizwa, tena na tena, afanye. Mdogo wake Dilla anaitwa John, naye ni msanii, Illa J. Kila mtu atasikia kwa sikio lake. Kwangu hicho ni kipande cha kaka kumwambia mdogo wake aendelee, kilichotengenezwa kwa sauti za wageni wasiowajua wote wawili, na kinanigusa kuliko wimbo wowote wa kuaga unaotaja kifo kwa jina.

Katika "Stop", silaha ni ukimya. Dionne Warwick anaimba, amri ya kusimama inatoka, na muziki wote unasimama kweli. Pengo ni fupi, lakini albamu hii imejaa kiasi kwamba pengo hilo linatisha. Katika "Time: The Donut of the Heart", kilichoguswa ni mwendo wenyewe. Sampuli ni "All I Do Is Think of You" ya Jackson 5, na katikati ya kipande mizani inalegea kana kwamba mkono umewekwa juu ya santuri, halafu inarudi mahali pake. Ni Wamarekani Weusi wangapi wa rika la Dilla waliokuwa na wimbo ule ndani ya nyumba! Akiupunguza kasi, anaipunguza kasi kumbukumbu ambayo tayari wanayo.

Na hapa ndipo Detroit inapoingia. Mji huo hautajwi kwa mbwembwe mahali popote kwenye Donuts, hakuna anayeuimbia wala kuutetea. Lakini tazama tarehe. Motown, kampuni iliyoanzishwa Detroit na Berry Gordy mwaka 1959, ilihamishia makao yake Los Angeles mwaka 1972. Dilla alizaliwa Detroit mwaka 1974. Ule wimbo wa Jackson 5 ulitoka mwaka 1975, kwenye albamu yao ya mwisho wakiwa Motown. Yaani Dilla alikulia katika mtaa wa Conant Gardens, mtoto wa wazazi wanamuziki, katika mji ambao kiwanda cha muziki kilikuwa kimeshaondoka na kilichobaki mikononi mwa watu ni santuri. Mwaka 2004 na yeye akahamia Los Angeles. Alichokibeba hakikuwa lafudhi wala bendera. Kilikuwa ni uwezo wa kusikia ndani ya santuri ya mzazi sehemu ambayo mzazi hakuisikia: nusu ya sekunde kati ya mistari miwili, pumzi ya mwitikiaji wa tatu.

Si kwamba alijifungia kwenye urithi wa nyumbani. 10cc wanatokea tena kwenye "Workinonit", kipande kirefu kuliko vyote. Yumo Raymond Scott, mvumbuzi wa ala za kielektroniki, katika "Lightworks". Yumo Frank Zappa. Na king'ora kinachojirudia albamu nzima kimetoka kwa Mantronix, kundi la hip-hop la miaka ya 1980. Wanaoiita kazi hii muziki wa majaribio hawakosei, ila wasisahau kwamba mbinu zenyewe zilizaliwa kwa ma-DJ wa sherehe za mitaani waliozungusha santuri mbili ili kipande kizuri kisiishe. Dilla ameisogeza mbinu hiyo mbali sana, bila kuikana. Hata mpangilio wa albamu ni wa kuzungusha: inafunguka kwa kipande kinachoitwa "Donuts (Outro)", yaani hitimisho, inafungwa kwa "Welcome to the Show", na mwisho unashikana na mwanzo ukiiacha ijirudie. Mahali pachache mbinu inamzidi nguvu. "The Twister" kwangu imesongamana, kelele juu ya kelele, nami huwa naivuka.

Narudi kidogo kwa The Escorts, kwa kuwa siwezi kuwapita haraka. Kundi hilo liliundwa na wafungwa katika gereza la Rahway, New Jersey. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1973, ilirekodiwa humo gerezani na prodyuza George Kerr. Wanaume waliofungiwa ndani wanamwomba mpenzi asilie. Miongo mitatu baadaye mgonjwa anachukua ombi hilo na kulikatakata mpaka linakuwa la kila mtu anayeachwa. Sidhani ni bahati tu kwamba hapo ndipo alipoamua kutuonyesha sampuli nzima kabla ya kuikata. Angeweza kuficha chanzo. Aliwaacha waimbe kwanza.

Swali la kiufundi lililobaki ni kama vipande hivi vina nafasi ya rapa. Majibu yapo mawili, yote kutoka mwaka 2006. Rapa Ghostface Killah alichukua "One for Ghost" na kuifanya "Whip You with a Strap" kwenye albamu yake Fishscale, iliyotoka wiki chache tu baada ya Dilla kufariki. Inafanya kazi, kwa sababu Ghostface anasimulia juu ya mama na fimbo za utotoni kwa sauti ya juu yenye machozi, na sauti ya Luther Ingram kwenye sampuli inakuwa jirani anayemsikiliza. Jibu la pili ni "So Far to Go", ambamo rapa Common na D'Angelo wako juu ya biti ileile ya "Bye.", iliyotokana na wimbo wa Isley Brothers. Ni wimbo mzuri, na naupenda. Lakini D'Angelo akishaanza kuimba, vile vipande vya sauti ya Ronald Isley vilivyokuwa vikikatizana na kupishana vinageuka kuwa pambo la nyuma, na sikio halina tena sababu ya kufuatilia ni wapi hasa kila kimoja kimekatwa. Katika "Bye." kila mkato unasikika, kwa kuwa hakuna anayezungumza juu yake.