Barua za Livingstone: Mfuko Uliongoja Vitambaa Bagamoyo

Kosa kubwa katika kumpelekea mpelelezi Dakta Livingstone barua na mizigo halikufanyika Ujiji, na Sherif Basha, mkuu wa msafara uliotangulia, aliyebebeshwa lawama nyingi, hakuwa na mkono ndani yake. Lilifanyika Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Siku hiyo ofisi ya Balozi wa Uingereza ilifunga mfuko mmoja wa barua za rejista, ikauweka pamoja na shehena ya vitambaa, shanga na vyakula isiyozidi mizigo 35, kisha ikavivusha vyote Bagamoyo kama kitu kimoja. Tangu hapo barua zikashika mwendo wa vitambaa. Vitambaa vilikosa wapagazi, vikalala Bagamoyo takriban siku 100, na mfuko ambao kijana mmoja angeutia begani akaondoka nao asubuhi ileile ukalala navyo.

Msafiri wa bara zama hizo alikuwa na vituo vitatu vya kupokelea vitu: Bagamoyo, Unyanyembe (yaani Tabora na vitongoji vyake) na Ujiji. Aliandika mapema, akataja kituo, na mzigo ukamngoja kwa mtu anayeaminika. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Tabora waliishi kwa utaratibu huo miaka nenda rudi. Ugumu wake ulikuwa mmoja, nao wasomaji wa habari za misafara wanaujua: mzigo ulikuwa ndio fedha. Merikani, kaniki na shanga ndizo zilizolipa hongo kwa watawala wa njiani na kununua posho ya wapagazi. Hivyo msafara ulikuwa na haki ya kuufungua mzigo wa mtu ili umfikishie mzigo huohuo. Asipokuwepo mwangalizi wa mwenye mali, matumizi halali na wizi huwa havitofautiki.

Livingstone aliuonja utaratibu huo mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1869, alipoingia Ujiji akiwa hoi kwa homa ya mapafu. Alikuta chai aliyotumiwa zawadi kutoka Calcutta, kahawa yake na sukari kidogo. Dawa, mvinyo na jibini vilikuwa vimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku 13, na njia ilikuwa imefungwa kwa vita vya Watuta. Kesho yake alihesabu vitambaa: kati ya majora 80, yenye yadi 24 kila moja, 62 yalikuwa yameibwa, na shanga nzuri karibu zote hazikuwepo. Ni hasara kubwa, lakini ilikuwa ya aina iliyozoeleka katika njia ile, na mtu aliyekaa Afrika miaka mingi kama yeye hakupaswa kuishangaa.

Barua za kutoka Ujiji zilikuwa na shida nyingine. Aliandika zaidi ya 40, kisha akakosa wa kuzibeba. Mfanyabiashara Said bin Habib aliwakataza watu wake kuzichukua, kwa kuhofia yaliyoandikwa humo kuhusu vitendo vyake katika nchi ya Rua. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa Livingstone hakuficha chuki yake juu ya biashara ya watumwa, naye alikuwa akiwaomba wafanyabiashara wa watumwa wamfanyie kazi ya tarishi. Baadaye alikuja kujua kuwa katika rundo lote hilo ni barua moja tu iliyofika. Ndiyo aliyomwandikia John Kirk wa ofisi ya Balozi, Unguja, tarehe 30 Mei 1869, akiomba bidhaa na watu.

Kirk alikusanya bidhaa hizo wakati kipindupindu kinaua watu Unguja, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini aliyekabidhiwa kuajiri watu alikuwa Ludha Damji, Banyani aliyesimamia forodha, na watu waliopatikana walikuwa watumwa wa Mabanyani. Mtumwa anayefanya kazi kwa ujira unaokwenda kwa bwana wake hana sababu ya kufanya haraka, na wala hana cha kupoteza mzigo ukipungua. Mkuu wao, Sherif, alikuwa mshonaji nguo. Kumi kati yao walifika Kabambare, katika nchi ya Manyema, tarehe 4 Februari 1871, wakagoma kuendelea mbele, wakaapa kwamba Balozi aliwaagiza wamrudishe Livingstone pwani. Sherif mwenyewe alibaki Ujiji na shehena. Livingstone aliporudi huko tarehe 23 Oktoba 1871 hakukuta hata yadi moja katika yadi 3,000 za vitambaa, wala kete ya ushanga katika ratili 700, ambazo ni frasila 20. Sherif alikuwa ameviuza vyote, akajinunulia watumwa na pembe. Alijitetea kwamba alitazamia kwa Msahafu akaona mwenye mali amekwisha kufa. Hata baada ya hapo aliendelea kumpitia marehemu huyo mara mbili kwa siku akimtakia heri, mpaka Livingstone akamwambia kuwa angekuwa Mwarabu angemkata mkono na masikio yote mawili.

Vitabu vya Kiingereza hupenda kusimama hapa, vikamlaani Sherif na pamoja naye tabia ya watu wa pwani kwa jumla. Sherif alikuwa mwizi, hilo halina ubishi. Ila aliyempa mtu mmoja shehena yote, bila ya mshirika wa kutia saini, bila ya kutenga majora ya matumizi ya njiani na majora yaliyopigwa lakiri kwa ajili ya mpokeaji, alimwandalia wizi huo. Na watu wa pwani walikuwepo Ujiji kuonyesha sura nyingine: Said bin Majid alipoona hali ya mzee huyo alijitolea kuuza pembe zake ili ampatie bidhaa.

Mfuko wa Novemba 1870 ni jambo zito zaidi kuliko wizi huo, kwa sababu haukuhitaji uaminifu wa mtu yeyote. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuiba barua za Kiingereza. Hazilipi hongo na hazinunui mtama. Kitu kisichoibika kilifungwa pamoja na kitu kinachoibika kuliko vyote, kisha kikacheleweshwa kwa ajili yake. Mtu anayetuma bahasha leo kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma haiingizi kwenye buti la basi pamoja na magunia. Humpa kondakta mkononi, akampigia mpokeaji simu na kumtajia namba ya basi. Ofisi ya Balozi ilikuwa na akili hiyo hiyo karibu yake, kwa wenyeji wa Unguja na Bagamoyo, na haikuitumia.

Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, na alipovuka Bagamoyo mwezi uliofuata aliukuta msafara wenye mfuko ule ungali umepiga kambi. Kwa maelezo yake, ulivuma uvumi kwamba Balozi anakuja, na msafara ukang'oa mara moja karibu na tarehe 10 Februari. Stanley si shahidi asiye na upande, maana kila doa la Kirk lilimng'arisha yeye. Alidai kuwa Kirk alikwenda Bagamoyo kwa ajili ya kuwinda, na kuwa mizigo ilikuwa kisingizio. Ugomvi huo umemaliza karatasi nyingi bure. Hata kama Kirk hakushika bunduki siku hiyo, alivuka katika mwezi wa nne wa kuchelewa, kwenda kuhimiza msafara uliokuwa na barua zisizostahili kuwemo humo tangu mwanzo.

Kwamba barua pekee zingefika mapema kunaonekana katika tarehe za Stanley mwenyewe. Akiwa na shehena yake kubwa alitoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akaingia Tabora tarehe 23 Juni, zaidi ya miezi mitatu. Mwaka uliofuata, akirudi na mizigo michache, alitoka Tabora tarehe 14 Machi na kuingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, tena katikati ya masika. Siku 53 zilimtosha. Tarishi wawili wenye mfuko mmoja, walioondoka mwanzoni mwa Novemba 1870, wangekuwa Tabora kabla mwaka haujaisha. Mtawala Mirambo alikuwa hajaifunga njia ya Ujiji. Vita vyake na Waarabu vilipamba moto katikati ya 1871.

Inaweza kusemwa kwamba Livingstone mwenyewe hakuwepo Ujiji. Ni kweli, alikuwa Manyema. Lakini watumwa wale kumi walimfikia Kabambare, na kutoka Machi hadi Julai 1871 alikaa Nyangwe, mahali palipojulikana na kila mfanyabiashara aliyevuka ziwa. Hata kama hakuna ambaye angemfuata huko, mfuko ungemngoja Ujiji ile siku ya tarehe 23 Oktoba alipokuta ghala tupu.

Badala yake mfuko ulikwama tena Tabora, safari hii kwa vita vya Mirambo, pamoja na vitambaa vyake. Stanley aliukuta huko ukiwa na tarehe ya Novemba 1870 juu yake. Alichofanya ndicho kilichotakiwa kufanywa mwaka mmoja nyuma: alimtoa msafarani mbeba barua, Kaif Halek, akaondoka naye kwa njia ya kusini kuvizunguka vita, shehena ikabaki. Kwa hesabu ya Stanley waliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Dunia imekariri maneno ya salamu ya siku hiyo hadi yamechosha, na nusu ya wanaoyakariri hawajui kwamba kulikuwa na mfuko. Livingstone aliupakata, akasoma barua moja mbili za watoto wake, kisha akataka kwanza habari za ulimwengu, akieleza kuwa mtu aliyengoja barua kwa miaka anaweza kungoja saa chache zaidi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda sawa kwa sababu kila kitu kilipelekwa kivyake. Walipokuwa njiani kurudi Unyanyembe, Ferajji na Chowpereh walitangulizwa wakachukue dawa na barua, nao wakarudi navyo kabla msafara haujafika. Shajara ya Livingstone ilifungwa, ikapigwa lakiri, Stanley akaibeba mwenyewe hadi Uingereza. Haikuwa hivyo kwa shehena iliyolala: vitu vya Livingstone vilivyohifadhiwa Unyanyembe vilipofunguliwa Februari 1872, baadhi vilikutwa vimekwisha chokolewa.

Kwa upande wa watu wa kumpelekea Livingstone, Stanley aliporudi pwani hakurudia watumwa wa kukodi. Aliajiri watu huru 57, baadhi yao wakiwa wazoefu wa msafara wake, wakafika kwa Livingstone Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 14 Agosti 1872. Siku 11 baadaye Livingstone aliondoka nao kuelekea kusini. Ni kutoka kundi hilo, wakiwa na Susi na Chuma waliokuwa naye katika safari hii tangu 1866, walikotoka walioubeba mwili wake kutoka kwa mtawala Chitambo, alikofia mwaka 1873, na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874, pamoja na karatasi zake na vyombo vyake. Hakuna msafara wa Balozi uliokaribia kazi hiyo. Kirk alibaki Unguja, akapanda cheo hadi Balozi Mkuu, na mwaka 1881 akatunukiwa cheo cha “Sir”.