Makaa ya Ukambani: Hesabu Inaanzia Kwenye Kisiki

Ukitaja makaa Machakos, mazungumzo huishia kwenye lawama: wachomaji wanamaliza miti. Tuweke lawama kando, tupige hesabu.

Chukua tani moja ya kuni zilizokauka. Kila kilo ina nishati ya megajuli 15 hivi, kwa hiyo tani nzima ni megajuli 15,000. Tanuri la kawaida la udongo hutoa makaa yenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 ya kuni, tuseme 15. Tunapata kilo 150, yaani magunia matano ya kilo 30. Kilo ya makaa ina megajuli 29 hivi, jumla 4,350. Asilimia 70 ya nishati imepotelea tanurini.

Mbona biashara bado inalipa? Kwa sababu kila kilo inayopakiwa lorini kwenda Nairobi hubeba nishati karibu maradufu ya kuni. Tena, jiko la kauri lililoenea nchini tangu miaka ya 1980 hufikisha sufuriani robo ya joto au zaidi, wakati mafiga matatu huambulia asilimia 10 hadi 15. Mpangaji wa chumba kimoja hulipia pia kuepuka moshi.

Basi pa kuokoa ni tanurini. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa nyasi na udongo, kisha moto hutiwa mdomoni. Moshi mweupe mzito ni mvuke. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji, na sehemu ya kuni huteketea kwa kazi ya kuyakausha tu. Moshi ukiwa mwembamba wa samawati, kuni zimeiva. Mchomaji akisinzia bila kuziba matundu, anachimbua majivu. Kukausha kuni na kukesha huongeza mavuno bila mtaji. Tanuri la Casamance kutoka Senegali, lenye bomba la moshi linaloweza kuungwa kwa mapipa ya mafuta, hufikisha asilimia 25 au zaidi: magunia manane kwa tani ile ile.

Teknolojia hiyo inajulikana miaka mingi, lakini wachomaji wengi hawaitumii. Asiyelipia mti hana anachookoa. Kwake gharama ni jasho na siku. Bomba ni pesa taslimu, na ni mzigo wa kubeba kila anapohamia mti mwingine. Akipata mavuno haba, anaangusha mwingine.

Linganisha na mkulima anayechoma mti wa shambani mwake. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watu wa Wilaya ya Machakos ya zamani waliongezeka kutoka 240,000 hivi miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua na miti ya shambani ikaongezeka. Uhaba mkubwa wa kuni uliotabiriwa haukutokea. Familia zilipata kuni kwenye nyua, matawi yaliyopogolewa na miti iliyokauka, kwa sababu mti ulikuwa na mwenyewe na thamani.

Sheria nazo hazijagusa bei ya mti penye kisiki. Kanuni za makaa za mwaka 2009 ziliwataka wachomaji wajiunge katika vyama na wawe na vibali. Januari 2018 kaunti jirani ya Kitui ilipiga marufuku biashara hiyo. Marufuku hupandisha bei mjini, lakini nyongeza hiyo huishia zaidi kwa msafirishaji na dalali. Ni kidogo sana kinachomfikia mwenye mti, na tanuri linabaki lile lile, sasa likifukiwa kwa haraka na kwa kificho, kuni zikiwa mbichi.

Kwa hiyo mradi wowote wa nishati ya miti ukiletwa Machakos, uwe wa makaa, vitofali vya kupikia au umeme, swali la kwanza lisiwe mtambo ni wa aina gani. Liwe hili: tani ya kuni italipiwa shilingi ngapi shambani, na nani atazipokea? Mradi usio na jibu umejengwa juu ya miti ya bure, na miti ya bure huisha kabla mkopo wa mtambo haujalipwa.