Kutoka Hadithi ya Dereva Mmoja hadi Malumbano ya Wengi: Usimulizi na Kumbukumbu katika Michezo ya Mbio za Magari

1. Utangulizi

Mchezo wa kompyuta haujazoeleka katika kurasa za uhakiki wa Kiswahili, na huenda wakawapo watakaouliza iwapo unastahili kuwekwa bega kwa bega na riwaya, tamthilia na ushairi. Swali hilo si geni. Fasihi simulizi nayo ilisailiwa vivyo hivyo, mpaka mjadala wa Nairobi wa mwaka 1968, ambamo Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliipigania nafasi yake katika mtaala. Miongoni mwa yaliyotokana na mjadala huo ni kukubali kwamba sanaa haimo katika maandishi pekee. Imo pia katika utendaji, ambamo fanani na hadhira hukutanishwa na tukio. Mchezo wa kompyuta nao ni utendaji, kwani pasipo mchezaji hakuna kinachotukia.

Makala haya yanachunguza badiliko moja katika michezo ya mbio za magari. Kwa muda mrefu, kitovu cha michezo hiyo kilikuwa sehemu ambamo mchezaji, akiwa peke yake, hufuata maisha ya dereva tangu uanagenzi hadi ubingwa. Sehemu hiyo itaitwa hapa 'maisha ya dereva'. Kadiri intaneti ya kasi ilivyoenea, kitovu kilihamia kwenye mashindano baina ya wachezaji walio mbalimbali, wanaounganishwa na seva, yaani kompyuta kuu inayomilikiwa na kampuni iliyoutoa mchezo. Wako walioliomboleza badiliko hili kama kifo cha hadithi. Hoja ya makala haya ni tofauti: hadithi imebadili utanzu, ikatoka katika riwaya ya makuzi na kuingia katika malumbano. Hasara yenyewe iko kwingine, nayo ni kuhama kwa kumbukumbu kutoka kwa hadhira hadi kwa mwenye seva. Ushahidi utatolewa hasa katika mfululizo wa Gran Turismo na katika The Crew.

2. Maisha ya Dereva kama Riwaya ya Makuzi

Gran Turismo, iliyoundwa chini ya uongozi wa Kazunori Yamauchi, ilitolewa nchini Japani Desemba 1997 kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Mchezaji huanza akiwa na krediti 10,000, fedha zinazotosha gari dogo tu, na aghalabu gari lililokwisha kutumika. Kabla ya kuruhusiwa kuingia mashindano mengi, hana budi kupasi mitihani ya leseni: kuondoka na kusimama pale palipowekwa, kukata kona moja kwa muda uliowekwa, kisha mfululizo wa kona. Akishinda mbio hupata fedha. Kwa fedha hizo hununua vifaa vya kuliongezea gari nguvu, au gari jingine. Na kwa gari hilo huingia mashindano makubwa zaidi.

Muundo huu ni wa riwaya ya makuzi. Nguli hutoka katika uduni, hupitia mafunzo na majaribu, na hatimaye hufika mahali ambapo asingeweza kufika alipokuwa mwanzoni. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili hutoka Tanga akimsaka babake, na safari yenyewe ndiyo inayomlea. Tofauti ni kwamba nguli wa Gran Turismo hana jina, uso wala usemi. Makuzi yake hujidhihirisha mahali pawili. Kwanza ni katika gari na fedha zake, ambazo zaweza kuhesabiwa. Pili ni katika vidole vya mchezaji, ambaye kona iliyomshinda wiki iliyopita sasa huipita pasipo kuifikiria. Msomaji wa riwaya hushuhudia makuzi ya mwingine. Mchezaji huyapata makuzi hayo mwenyewe.

Waundaji wengine walijaribu kumpa nguli jina na kisa. Katika TOCA Race Driver (2002), Ryan McKane ni dereva kijana ambaye babake alifia mbioni. Katika Need for Speed: Most Wanted (2005), mchezaji hunyang'anywa gari lake kwa hila na mhasimu aitwaye Razor, kisha hulazimika kuwashinda madereva 15 mmoja baada ya mwingine, Razor akiwa wa mwisho. Ploti ya namna hii inatimiza sharti la Aristotle la kuwa na mwanzo, kati na mwisho, tena kwa uhusiano wa sababu na matokeo: mbio ya mwisho ina uzito kwa kuwa mbio ya kwanza ilikuwa dhuluma.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauwezi kuufumbia macho udhaifu wa utanzu huu. Riwaya ya makuzi huhitaji mgogoro, na mgogoro huhitaji pande mbili. Katika Gran Turismo ya awali, magari yanayoendeshwa na kompyuta hufuata mstari wake barabarani kana kwamba mchezaji hayupo. Isitoshe, mchezaji aliyeshindwa kwa ufundi anaweza kurudi na gari lenye nguvu kuliko yote mengine, akashinda pasipo kutokwa na jasho. Ubingwa wa namna hiyo umenunuliwa. Mwenye kuomboleza kupotea kwa maisha ya dereva hana budi kukumbuka kwamba ndani yake nguli alikuwa peke yake kwa maana zote mbili: hakuwa na mwenzake, na hakuwa na mpinzani wa kweli.

3. Malumbano Barabarani

Gran Turismo Sport ilitolewa Oktoba 2017 kwa ajili ya PlayStation 4. Ilipotoka, haikuwa na maisha ya dereva ya aina iliyozoeleka. Palikuwa na shule ya udereva na mazoezi ya aina aina, lakini moyo wa mchezo ulikuwa mbio za mtandaoni zilizopangwa kwa ratiba. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Desemba ya mwaka huo huo waundaji waliongeza GT League, mfululizo wa mbio za mtu mmoja dhidi ya kompyuta.

Malalamiko hayo yalitokana na matarajio ya msomaji wa riwaya. Mtu aliyelelewa na ushairi wa pwani ya Afrika Mashariki ana kipimo kingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa na malenga wa Lamu walirushiana tungo mwanzoni mwa karne ya 19, katika enzi ya uhasama wa miji hiyo miwili. Katika malumbano kama hayo hakuna ubeti unaoufunga mjadala kwa hakika, kwa sababu kila jibu hualika jibu. Hakuna mtunzi mmoja anayeujua mwisho. Maana huzaliwa baina ya wawili, na hadhira hujua kwamba upande wa pili una akili, hasira na hila zake. Hicho ndicho kilichokosekana kwa magari ya kompyuta.

Mfanano huu hauishii juu juu. Katika malumbano, anayejibu aghalabu hufuata bahari ya aliyeanza, na vina na mizani huwafunga wote wawili. Katika mbio nyingi za Gran Turismo Sport, nguvu na uzito wa magari vilisawazishwa na mfumo wenyewe, hivi kwamba fedha hazikuweza kununua ushindi. Kama ilivyo kwa malenga, ufundi hudhihirika kwa sababu kanuni ni moja. Malumbano pia yana adabu zake. Kabla ya kuruhusiwa kushindana, mchezaji alitakiwa kutazama filamu mbili fupi kuhusu uungwana barabarani. Kisha alipewa alama mbili za herufi, moja ya ufundi na nyingine ya mwenendo. Aliyewagonga wenzake alishushwa alama ya pili. Mchezo wa iRacing, ulioanza mwaka 2008, ulikuwa umetangulia kuupima mwenendo wa madereva kwa namna hiyo.

Swali la nguli na msimulizi nalo hupata jibu jipya. Novemba 2018, Igor Fraga wa Brazili alishinda fainali ya Kombe la Mataifa la Gran Turismo Sport huko Monaco, mbele ya hadhira na watangazaji. Nguli hapo ni mtu halisi, na msimulizi wa nafsi ya tatu, aliyekuwa ametoweka ndani ya mchezo, amerejea akiwa mtangazaji anayelisimulia tukio linapotukia, naye hajui mwisho wake kama wasivyoujua wanaomsikiliza.

Lakini wachezaji walio wengi hawafiki Monaco. Kwao, malumbano haya yana kasoro ambayo maisha ya dereva hayakuwa nayo. Mfumo humpangia kila mmoja wapinzani wa kiwango chake. Akipanda, wapinzani nao hupanda. Kukua kwake huwa hakuonekani, kwani kila siku hujikuta katikati ya walio sawa naye. Malenga aliyeshindwa Mombasa alijulikana kwa jina, na watu walingoja jibu lake. Mchezaji wa kawaida wa mtandaoni hukutana na wageni, wakatawanyika baada ya dakika chache, na hakuna anayengoja jibu. Amepata mpinzani wa kweli, lakini hakupata hadhira.

4. Kumbukumbu Imo Mikononi mwa Nani?

Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake, ambazo nyingi zilizaliwa kwa ajili ya tukio la siku ile, ziliendelea kuishi vinywani mwa watu wa Mombasa. Mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, na mwaka 1940 William Hichens alizichapisha. Baina ya utunzi na maandishi, ghala la sanaa hiyo lilikuwa hadhira yenyewe. Hakuna aliyehitaji idhini ili aukumbuke ubeti.

Gran Turismo ya 1997 nayo inaweza kurithiwa kwa namna yake. Mwenye sahani na mashine nzima anaweza kuianza upya leo akiwa na zile krediti 10,000, pasipo kumwuliza mtu. The Crew ya Ubisoft, iliyotolewa Desemba 2014, haikuwa hivyo. Kwa upande wa ploti, kazi hii ilikuwa maisha ya dereva kamili: Alex Taylor, ambaye kaka yake ameuawa, hujipenyeza katika genge la madereva wa mashindano ya barabarani na kuzunguka Marekani nzima iliyofupishwa, akitafuta haki. Lakini mchezo ulihitaji kuunganishwa na seva hata kwa mtu anayecheza peke yake. Uuzaji wake ulisimamishwa Desemba 2023, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Siku hiyo kisa cha Alex kiliacha kuchezeka, hata kwa aliyekuwa na sahani mkononi.

Mfano huu unaonyesha kwamba mpaka wenye maana haupo baina ya mchezo wa mtu mmoja na mchezo wa wengi. Gran Turismo 7, iliyotolewa Machi 2022, iliirejesha safari ya mchezaji mmoja: ndani yake kuna mkahawa ambamo mwenyeji aitwaye Luca humkabidhi mchezaji vitabu vya kazi za kutimiza, na kumfunza historia ya magari anayoyakusanya. Mashabiki walifurahi kwamba hadithi imerudi. Mwezi huo huo, baada ya marekebisho yaliyotolewa tarehe 17 kuwa na hitilafu, sehemu kubwa ya mchezo haikuchezeka kwa zaidi ya saa 30, pamoja na mkahawa huo, kwa kuwa seva hazikupatikana. Hadithi ilikuwa imerudi, lakini ufunguo wake ulibaki kwa mwingine. Kwa upande mwingine, seva za Gran Turismo Sport zilipofungwa tarehe 31 Januari 2024, sehemu zake za mtu mmoja ziliendelea kuchezeka. Kinaya ni kwamba mchezo uliolaumiwa kwa kuitelekeza hadithi ndio uliomwachia mchezaji urithi, ilhali The Crew, iliyokuwa na hadithi nzima, haikumwachia chochote.

Yaweza kudaiwa kwamba utendaji wowote hupita, na kwamba picha za mbio nyingi zimehifadhiwa kwenye intaneti. Dai hilo lina ukweli nusu. Picha huhifadhi mbio iliyokwisha. Haimwezeshi mtu mwingine kuingia barabarani. Ubeti wa Muyaka unaweza kughaniwa upya leo, na hata kujibiwa. Wachezaji wenyewe wameitambua tofauti hii. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa mwaka 2024 kufuatia kuzimwa kwa The Crew, inadai kampuni ziwajibike kuuacha mchezo katika hali ya kuchezeka zinapoacha kuuhudumia. Julai 2025, ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja. Kwa lugha ya uhakiki, hayo ni madai ya hadhira ya kutaka irudishiwe kazi yake ya kuhifadhi.

5. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuhama kutoka maisha ya dereva hadi mashindano ya mtandaoni ni kuhama kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, na kwamba kila utanzu una ubora na upungufu wake. Riwaya ya makuzi ilikuwa na mwisho, lakini haikuwa na mpinzani. Malumbano yana mpinzani, lakini mara nyingi hayana anayeyakumbuka. Mhakiki anayezipima michezo ya leo kwa kigezo cha ploti pekee hataiona tofauti baina ya The Crew na Gran Turismo ya kwanza, kwa kuwa zote mbili zina safari ya nguli mmoja kutoka uduni hadi ushindi. Anapaswa kuongeza swali ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi wamelizoea: kazi hii inahifadhiwa na nani, na ni nani anayeweza kuitenda tena? Kwa kazi ya mwaka 1997, jibu ni kila mwenye sahani na mashine. Kwa ile ya mwaka 2014, jibu lilikuwa kampuni moja, nayo imekwisha kuamua.